ZIARA YA BWAWA LA NDAKAINI: TUJIANDAE VIPI?



 

Wanafunzi wapenzi, na nyinyi wazazi wetu waheshimiwa, kila likizo inapokaribia swali huwa ni lile lile: "Ustadh, mwaka huu tunaenda wapi?" Safari hii tulipojibu kuwa tunakwenda kulitazama bwawa, baadhi ya vijana wa darasa la tano walinuna. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, lakini tulimsikia, "Yaani tupande basi masaa mawili tukaangalie maji?"

Naam, tunakwenda kuangalia maji. Na kwa kuwa wengi hawajui maji yale ni yapi, na kwa kuwa sisi walimu tuliwahi kufanya ziara kama hii bila kujiandaa tukarudi na mioyo mikononi, tumeona tuandike somo hili mapema ili kila mmoja, mtoto na mzazi, alisome kabla ya kutia saini fomu.

NDAKAINI NI WAPI?

Bwawa la Ndakaini, ambalo kwenye vitabu huitwa pia Bwawa la Thika, liko Gatanga katika Kaunti ya Murang'a, takribani kilomita 80 kutoka katikati ya Nairobi. Lilikamilika mwaka 1994. Mto Thika na vijito jirani vinavyoteremka kutoka misitu ya Aberdare vilizibwa kwa tuta kubwa la udongo lenye kimo cha mita 65 hivi, na bonde zima nyuma yake likajaa maji. Mahali hapo palikuwa na nyumba na mashamba ya watu, nao walihamishwa ili maji yapate nafasi.

Likijaa, bwawa hubeba mita za ujazo milioni 70. Tarakimu hiyo haimwingii mtu akilini, basi tuifanye hesabu ya nyumbani. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hiyo milioni 70 ni lita bilioni 70, yaani mitungi ya lita 20 ipatayo bilioni tatu na nusu. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika Kaunti ya Nairobi. Ukigawanya sawasawa, kila mtu, hata mtoto mchanga, anapata mitungi 796 hivi. Nyumba inayotumia mitungi miwili kwa kila mtu kwa siku itaimaliza kwa mwaka mmoja na mwezi mmoja tu, na hapo hatujavihesabu viwanda, mahoteli, mabomba yanayovuja, wala maji yanayopaa kwa jua. Bwawa tunaloliona kama bahari ni akiba ya mwaka mmoja! Ndiyo maana mvua zilipokosekana, Nairobi ilianza kugawiwa maji kwa zamu tarehe 1 Januari 2017, na wanafunzi wakubwa wanakumbuka jinsi madrasa yetu ilivyokuwa ikinunua maji ya mkokoteni ili watu watawadhe.

Kutoka bwawani maji hupita kwenye mahandaki hadi upande wa mto Chania, yakafika kwenye mtambo wa Ng'ethu kusafishwa, kisha yakateremka hadi matangi ya Gigiri na kuingia mitaani. Nairobi ina mabwawa mengine, kama Sasumua na Ruiru, lakini Ndakaini ndilo kubwa. Siku hizi kuna pia handaki la kilomita 11.8 linaloyaleta humo maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati. Kwa hiyo unapofungua mfereji wa kutawadhia hapa madrasani, huenda ukawa unajiosha kwa mvua iliyonyesha juu ya Aberdare miezi iliyopita.

BARUA KWANZA, BASI BAADAYE

Ndakaini si bustani ya umma. Maji ya jiji yanalindwa, na anayeliendesha bwawa ni Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi. Mgeni huomba ruhusa kwa barua, akaeleza ni kina nani, wangapi, umri gani, tarehe na lengo la ziara. Barua iandikwe wiki kadhaa kabla, na jibu lake lichapishwe nakala mbili: moja ibaki kwa mudir, ya pili iwe mfukoni mwa kiongozi wa safari.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya aibu iliyotupata. Katika ile ziara yetu ya kwanza, kwenye bwawa jingine tusilolitaja, tulifika langoni na watoto arubaini bila karatasi yoyote. Tulidhani kofia na kanzu zingetuombea ruhusa. Askari wa zamu alikuwa mpole lakini hakufungua, na alikuwa na haki. Tulikaa juani karibu masaa mawili tukipiga simu huku na huku, biriani ikipoa, watoto wadogo wakilia. Kosa lilikuwa letu sisi walimu, na wazazi waliotulaumu hatukuwa na la kuwajibu.

SIKU NA WAKATI

Ijumaa haifai. Mwenye kuwajibikiwa na swala ya Ijumaa hapendezewi kusafiri alfajiri imekwishaingia na kuikosa, nasi hatuwezi kuwafundisha watoto Kitabu cha Swala halafu tukawapitisha nje ya msikiti saa saba mchana. Jumamosi barabara ya Thika hujaa. Tumechagua Jumapili.

Kuhusu mwezi, Aprili ni mvua za masika, na barabara za milimani huteleza. Agosti kule juu ni baridi na ukungu, kwani bwawa liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Basi lililokwenda Agosti linaweza kurudi bila abiria wake kuona chochote isipokuwa ukungu. Katikati ya Disemba mvua za vuli huwa zimeanza kupungua, maji yameongezeka bwawani na likizo imeanza. Hata hivyo kila mtoto abebe sweta. Watoto wetu wa Eastleigh na South C hawaamini baridi mpaka iwapige.

Tutakuwa wanafunzi 52 na watu wazima 8, katika mabasi mawili ya abiria 33. Hiyo ni kusema kila mtu mzima ana watoto sita au saba, na atawajua kwa majina, si kwa idadi. Tutaondoka saa moja kamili asubuhi. Barabara kuu hadi Thika ni nyepesi, lakini kutoka Thika kupanda Gatanga hadi mashamba ya majani chai kuna kona nyingi. Wanaotapika safarini wakae mbele, na mama zao watupe mifuko, wala wasione haya kutuambia.

JE, TUTAFUPISHA SWALA?

Swali hili tumeulizwa na wanafunzi wa fiqhi mara nyingi kuliko swali la chakula, na limetufurahisha.

Wengi wetu hapa tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi'i. Safari inayoruhusu kufupisha (qasr) na kukusanya (jam'i) ni ya marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi wamezikadiria kuwa kilomita 81 hivi, na wapo wanaokadiria zaidi. Huhesabiwa kwenda peke yake, bila kujumlisha kurudi. Sasa mtoto mwerevu atasema, "Ustadh, Ndakaini ni kilomita 80, tumebakisha moja tu!" Akakumbushwe kwamba safari haianzi kuhesabiwa mlangoni kwa madrasa. Huanza pale msafiri anapoziacha nyumba za mji wake nyuma. Nasi tukishika barabara ya Thika, nyumba zinatufuata Kasarani, Githurai na kuendelea. Tukizitoa kilomita hizo, umbali unaobaki ni mdogo sana kuliko marhala mbili.

Wenzetu wachache wenye madhehebu ya Hanafi nao huhesabu kuanzia mwisho wa mji, na makadirio yao yaliyozoeleka ni kilomita 77 hivi. Kwao pia safari hii haifiki.

Basi jawabu ni moja: tutaswali kamili, kila swala kwa wakati wake. Adhuhuri tutaiswali bwawani kwa jamaa kabla ya chakula, kwenye uwanja wa nyasi tutakaoonyeshwa, na mikeka tutakuja nayo. Kibla kutoka huku kwetu ni kaskazini, ukiinama kidogo mashariki. Alasiri tutaiswali msikitini Thika tukiwa njiani, na Magharibi itukute nyumbani In sha Allah.

MAJI YA KUTAWADHIA

Hapa ndipo mtu anaposhangaa: tunakwenda penye lita bilioni 70, na bado tunabeba maji kutoka Nairobi? Ndiyo. Hakuna mtoto atakayeteremka ukingoni kutawadha. Sababu ya kwanza tutaieleza chini. Ya pili ni kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyosimama, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim, na wanazuoni wakapima kwa katazo hilo kila uchafu unaowadhuru watumiaji wa maji. Ni kweli kifiqhi maji mengi kama yale hayanajisiki kwa kitu kidogo kisichobadilisha rangi, ladha wala harufu yake. Lakini kutonajisika ni jambo moja, na adabu ni jambo jingine. Yale ni maji ya kunywa ya mamilioni ya watu. Kopo la soda, ganda la biskuti, hata mate, visiingie.

Imepokewa pia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni kiasi cha viganja viwili vya mtu wa wastani vikikutanishwa, na kwa vipimo vya leo haizidi robo tatu ya lita. Tuko watu 60. Sitini mara robo tatu ni lita 45, yaani mitungi miwili na robo. Tutabeba mitungi mitano, kwa kuwa tunawajua watoto wetu. Kila mmoja atapewa chupa moja ya nusu lita na nyongeza kidogo akihitaji, na tutaona nani ataweza kutimiza viungo vyote bila kuomba ya pili. Fanyeni mazoezi nyumbani kuanzia sasa. Sisi walimu tulijaribu wiki iliyopita na wawili kati yetu tulishindwa.

UKINGO WA BWAWA SI UFUO WA BAHARI

Tusomeni sehemu hii polepole.

Katika ile ziara ya kwanza, baada ya kuruhusiwa kuingia, kijana mmoja wa miaka kumi na moja aliuona ukingo umekauka, mweupe, umepasuka kama sahani ya udongo. Maji yalikuwa hatua ishirini mbele. Akavua viatu akateremka. Hatua ya tano akazama hadi magoti, ya sita hadi mapajani. Kila alipovuta mguu mmoja, wa pili ulishuka zaidi. Hakupiga kelele, kwa sababu aliona haya, na hilo ndilo lililotutisha baadaye kuliko yote. Aliyemwona ni msichana mdogo aliyekuwa akihesabu ndege. Mama mmoja aliyetusindikiza alifungua leso yake, mwingine na yake, zikafungwa pamoja, na mwalimu akalala kifudifudi juu ya mkeka akamrushia. Alitoka bila suruali na bila kiatu kimoja, lakini alitoka, Alhamdulillah. Sisi tulikuwa watu wazima watatu kwa watoto arubaini, na wawili kati yetu walikuwa wakipakua chakula.

Kwa nini ikawa hivyo? Maji ya bwawa hupanda na kushuka kadiri jiji linavyoyatumia. Yanaposhuka huacha tope laini lililoletwa na mito. Jua hukausha ngozi ya juu tu, na chini yake tope hubaki kama uji. Anayekanyaga hajui mpaka ngozi ipasuke.

Hatari ya pili ni kina. Ufuo wa bahari huteremka taratibu, lakini bwawa ni bonde lililofunikwa na maji, na kando za bonde ni mwinuko mkali. Hatua moja maji ni ya kifundo cha mguu, ya pili hayana chini. Ya tatu ni baridi: maji ya milimani hukaza misuli na kukata pumzi ghafla, hata ya muogeleaji. Tunawaambia hasa vijana waliozaliwa Mombasa na Lamu wanaojisifu kwa kuogelea. Maji ya chumvi yanakubeba, maji baridi hayakubebi kama yale. Ya nne ni karibu na mnara wa kutolea maji na mfereji wa kumwagia maji yaliyozidi. Pale maji yanaweza kuvuta kwa nguvu huku juu yametulia kama kioo.

Kwa hiyo: hakuna kuogelea, hakuna kuvua samaki, hakuna kuteremka ukingoni hata kuokota mpira. Mpira ukianguka, umekwenda. Watu wazima wawili kati ya wanane hawatakuwa na kazi nyingine isipokuwa kusimama baina ya watoto na maji, wakibadilishana zamu hata wakati wa chakula. Tutabeba kamba ndefu, maboya mawili na sanduku la huduma ya kwanza. Na mtoto yeyote akikwama popote, apige kelele. Hakuna atakayemcheka.

Mzazi mmoja aliuliza kuhusu bwawa kuvunjika, akikumbuka msiba wa Solai, Kaunti ya Nakuru, Mei 2018, ambapo bwawa la shamba lilipasuka usiku na watu zaidi ya 40 wakafariki. Mwenyezi Mungu awape subira waliofiwa. Tunamjibu kuwa kuna tofauti kati ya bwawa la shamba na tuta lililojengwa na wahandisi na kupimwa mara kwa mara. Lakini swali lake ni la haki, na tutamwomba mwenyeji wetu awaonyeshe watoto jinsi tuta linavyokaguliwa.

BWAWA LILILOTAJWA KATIKA QUR'ANI

Kabla ya safari, wanafunzi wa darasa la nne kwenda juu wasome Suratu Saba', aya ya 15 hadi ya 19, pamoja na tafsiri. Ni habari ya watu waliokuwa na bustani mbili, kulia na kushoto, wakapuuza shukrani, wakapelekewa mafuriko ya Al-'Arim. Bwawa lao lilikuwa Ma'rib, Yemen, likizuia maji ya bonde la Dhana. Lilitumika zaidi ya miaka elfu moja na lilivunjika na kujengwa upya mara nyingi. Maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe yanaonyesha kuwa karibu mwaka 548 Abraha aliamuru likarabatiwe. Ndiyo, Abraha anayetajwa katika kisa cha jeshi la ndovu! Mwishoni mwa karne ile ya sita lilivunjika lisijengwe tena, na watu wakatawanyika. Bwawa jipya lilifunguliwa huko mwaka 1986 kwa msaada wa Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan. Mabaki ya milango ya mawe ya lile la kale yapo hadi leo, ingawa vita vya Yemen viliyaharibu sehemu mwaka 2015.

Wafasiri wengi husimulia habari ya panya waliolitoboa tuta. Tulizungumze hilo darasani. Kwa sasa tazameni jambo moja: tope liliongezeka nyuma ya tuta lile mwaka baada ya mwaka, na kila lilipopanda watu walilazimika kuliinua tuta. Tukifika Ndakaini, muulizeni mwenyeji wetu tope linatoka wapi na msitu wa Aberdare unafanya kazi gani katika kulizuia. Atakayeuliza vizuri atapewa zawadi.

NA WENYEJI?

Wakazi wa Murang'a wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji yao yanakwenda Nairobi na wao wanabaki na mitungi. Tusifike kwao tukijigamba kuwa ni bwawa letu. Katika Bukhari na Muslim kuna kisa cha Zubayr na jirani yake wa Madina waliogombania maji ya shamba, na Mtume (S.A.W.) akaanza kwa kumtaka Zubayr, aliye juu, amwagilie kisha ayaachie maji yamfikie jirani. Hapa sisi ndio tulio chini, tunaoachiwa. Tutasimama kwenye soko la Gatura kununua ndizi na parachichi kwa wenyeji badala ya kuzibeba kutoka mjini, tutawaamkia wazee, na uchafu wetu wote utarudi nasi ndani ya magunia.

KABLA YA SIKU YENYEWE

Fomu zirudishwe kwa ustadh wa darasa kabla ya wiki mbili za mwisho, zikiwa na namba ya simu inayopatikana na maelezo ya ugonjwa wowote, hasa pumu na kifafa. Mtoto mwenye kifafa hatumkatazi kuja, lakini atakuwa na mtu wake peke yake. Wasichana wavae viatu visivyoteleza na buibui lisiloburura. Wavulana waache kanzu ndefu, kanzu fupi na suruali vinatosha. Chakula ni pilau na kachumbari, kitapikwa madrasani alfajiri. Asiyeweza kulipa nauli amwone mudir kwa faragha, asibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Bado tunahitaji akina mama wawili wa kutusindikiza. Waje na leso.

Wabillahi tawfiq.